Daktari Ambaye Hakuonja

Nimesikiliza filamu zikitafsiriwa Kampala, Kisangani na Bujumbura, lakini sijakutana na mtu anayejua kukohoa kwa niaba ya wahusika kama Kaijage wa Muleba. Hukaa kando ya skrini na kipaza sauti chake, mara mwanamke, mara jambazi, mara mvua.

Jumapili ile, baada ya misa, alikuwa na wasiwasi. Farida, mwenye banda la video, alimpa nafasi moja tu. Watu wakitoka katikati ya ile filamu yake ya kizamani, isiyo na rangi wala ngumi, banda litakuwa la mpira peke yake, na Kaijage arudi kijijini kwake Kimwani akalime.

Filamu ilimhusu mgonjwa aliyesahau hata jina lake, akiamini kwamba ameua mtu. Daktari mkuu alimtibu kwa kumuuliza ndoto zake.

"Kichwani mwako kuna chumba," Kaijage alinguruma, "ambacho wewe mwenyewe hukupewa ufunguo wake!"

"Cha kwangu anao mke wangu," mtu akajibu. Watu wakacheka. Hata hivyo, vijana wawili walishasimama, wanatafuta mlango.

Ndipo daktari akammiminia mgonjwa kinywaji, akamsogezea glasi.

"Ee waitu!" Ma Theopista, muuza ndizi, akaruka kutoka kwenye benchi. "Hajaonja! Muuaji ni huyo!"

Banda zima likaafiki. Huku, hata lubisi, ile pombe ya ndizi, harusini huonjwa kwanza na anayeitoa, ndipo mgeni anywe kwa amani.

"Ma Theopista, hao ni Wazungu," Kaijage akasihi. "Kwao hawaonji!"

"Ndiyo maana wanauana!"

Muuaji alikuwa daktari kweli, na siri ambayo Kaijage alitaka kuitunza hadi mwisho imeshamwagika. Akatazama mlangoni. Wale vijana walikuwa wamekaa tena, wanapiga kelele: "Usinywe, kaka!"

Akaacha kuficha. Mgonjwa alipoota ngazi isiyo na mwisho, Kaijage akawageuzia watu kipaza sauti. "Haya, ndoto hiyo ina maana gani?"

"Alimwona daktari akimsukuma mtu!"

"Aliogopa, akasahau!"

Hakuna aliyetoka. Daktari alipofungwa pingu, vigelegele vilisikika hadi stendi.

"Jumapili ijayo uirudie," Farida alisema, akamfungulia soda na kumpa.

Kaijage akaitazama ile chupa, akamrudishia.

"Anza wewe, bosi."

Farida akapiga funda moja kubwa, huku Ma Theopista akimsimamia.