Jogoo wa mnada alivyomwingiza binti yangu wa homeschool kwenye timu ya mbio

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, lakini hii imenishinda kunyamazia. Hakuna chumvi, yote yalinitokea mbele ya macho yangu na ya nusu ya kijiji.

Mimi ni clearing agent, wa kupitisha mizigo forodhani, hapa Busia, upande wa Uganda, ingawa kwetu ni Kenya. Mke wangu ni Msamia wa Lunyo, zamani alikuwa mwalimu. Binti yetu Nabwire, miaka kumi na miwili, anasomea nyumbani.

Ana kigugumizi. Shuleni walimcheka mpaka akaacha kuongea kabisa. Mama yake akasema basi, nitamfundisha mwenyewe.

Masomo yakaenda vizuri. Shida ni kwamba mtoto hakuwa na wenzake, na anapenda kukimbia kuliko chakula. Sasa niambieni, mbio za kupokezana vijiti unakimbiaje peke yako uani? Kijiti unampa nani, mbuzi?

Tukakaa familia tano za homeschool, tukaunda kamati yetu ya wazazi. Tukaenda kuonana na kamati ya wazazi ya shule moja upande wa Busitema, kuomba watoto wetu wafanye mazoezi na wao.

Mwenyekiti wao anaitwa Mama Apio, mkulima kutoka Mwello. Sauti yake haihitaji spika. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sisi wazazi ndio nanunua mipira, nalipa kocha, nalipa gari ya mashindano. Nyinyi naleta watoto tu?"

Kusema kweli, alikuwa na haki.

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. "Mama, tuambie tulete nini, tutaleta."

Mama Apio akacheka. "Jumamosi iko mnada ya michezo. Mwenye kuku alete kuku. Mwenye mikono alete mikono."

Jumamosi tukafika. Asubuhi ilikuwa zamu ya mikono: kuvunja vichuguu vilivyoota katikati ya uwanja. Mimi mtu wa kugonga mihuri, kufika saa nne viganja vimejaa malengelenge. Akina mama wananicheka hadharani!

Mchana mnada ukaanza. Kwa msiojua, mzazi analeta kitu chake, watu wanapandishiana bei, na kinachopatikana kinaingia mfuko wa michezo. Zikapita keki, mikungu ya ndizi, maharagwe. Halafu akaletwa jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, macho kama ya afisa wa forodha.

Hapo nikamwona rafiki yangu ng'ambo ya uwanja, nikampungia mkono.

"Baba wa homeschool amepandisha!" mnadishaji akapiga kelele.

Nikapunga mkono kukataa.

"Amepandisha tena!"

Wakuu, nilikuwa nashindana bei na mimi mwenyewe. Watu hoi kwa kicheko. Nikalipa nifanye nini, nikakabidhiwa jogoo, na sekunde hiyo hiyo akachomoka mikononi.

Wanaume saba tulimkimbiza. Mimi nikaangukia goti, kocha akaangukia juu yangu.

Ghafla kitu kikatupita kama upepo. Nabwire! Ametupa malapa, gauni amelikunja mkononi, anakata kona kila jogoo anapokata. Alimdaka kwenye mlingoti wa goli.

Vigelegele mlivisikia mpaka huko mliko.

Mama Apio akasimama. "Huyo mtoto ni ya nani?"

"Wangu," nikasema kutoka chini ya kocha.

Akamwendea. "Unaitwa nani, mama?"

Nabwire akaanza. "Na... Na... Na..."

Mama Apio hakumkamilishia wala hakutazama pembeni. Alingoja tu, kama mtu ambaye siku nzima ni yake.

"Nabwire."

"Nabwire, Jumatatu mazoezi saa kumi. Kocha, andika."

Kamati zote mbili zikakubaliana pale pale: mfuko ni mmoja. Wazazi wa homeschool tunachangia kila muhula kama wao, kwa pesa, kwa maharagwe, au kwa jembe. Na mtoto yeyote anayefanya mazoezi, mfuko unambeba mpaka mashindanoni.

Mwezi uliopita tukaenda mashindano Tororo. Nabwire alipewa kijiti cha mwisho timu ikiwa ya nne. Alimaliza wa pili. Nilimkumbatia askari wa getini, simjui hata leo.

Lakini kilichoniua ni safari ya kurudi. Alikaa katikati ya wenzake watatu, wote wanaongea kwa pamoja, na yeye anakwama, anaendelea, anakwama, anaendelea, hakuna aliyejali. Kutoka Tororo mpaka Busia hakunyamaza.

Nilichojifunza: homeschool isiwe kumfungia mtoto. Wazazi jikusanyeni, bisheni hodi kwenye shule ya jirani, na msiende mikono mitupu.

Wenye watoto wanaosomea nyumbani, huko kwenu michezo mnaigharamia vipi? Nasoma kila comment. Na wanaotaka kunicheka kuhusu mnada, karibuni, nimeshazoea.