Jani la Begonia Kwenye Kopo

Muuza maua wa hapa Tunduma akimwagilia miche yake, harufu ya maganda ya kahawa yaliyolowa hunirudisha barazani kwetu Mbozi. Mama alikuwa mjamzito, miguu imemvimba. Alichomeka kikonyo cha jani la begonia kwenye kopo lenye udongo uliochanganywa na maganda ya kahawa, akalifunika kwa mfuko wa nailoni.

“Litatoa mtoto,” akasema.

“Na lenyewe?”

“Litaoza, mwanangu. Ndiyo kawaida yake.”

Kila asubuhi nilichungulia kopo nikiomba kusiwe na kitu. Siku chipukizi lilipotokeza, jani lilikuwa limeanza kugeuka kahawia pembeni. Sikumwita mama aje kuona. Nilienda kuketi karibu naye, nikaanza kumkagua vidole, kimoja kimoja.