Maji Yaliyofuata Chumvi Hadi Gahanga

Nilisafiri kwa sababu ya viatu. Shangazi Veneranda, aliyenilea Kayanga kabla hajarudi Rwanda, alinipigia simu akicheka: "Nimenenepa! Hata viatu vya kanisani vinanibana." Mimi ni mfamasia. Nilijua ameongezewa kidonge kipya cha kisukari, pioglitazoni. Nikakata tiketi ya Kigali.

Alfajiri, Kayanga. Basi lilipita penye nyumba yetu ya zamani. Jiko limebomoka, lakini kwa mawazo nilimwona Shangazi humo kama zamani, akikata nyanya chungu na kuzinyunyizia chumvi. "Usiguse," alikuwa akiniambia. "Ngoja utoke ule uchungu."

Rusumo, mpakani. Nilivuka daraja kwa miguu, nikarudisha saa yangu nyuma kwa saa moja.

Alasiri, Gahanga, pembeni mwa Kigali. Shangazi alinipokea getini. Kabla ya kufika sebuleni alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Jirani yake, Mama Klodina, alikuwa akimsifu: "Angalia vile amenona! Ile dawa iko nzuri sana."

"Sukari imeshuka kweli," alisema Shangazi. "Na wewe usiniletee sura ya hospitali."

Nilimbonyeza mguu juu ya kifundo. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Unalala na mito mingapi?"

"Mitatu, nikilala chini pumzi inakata. Nimekuwa tajiri!"

Nilicheka naye, lakini niliogopa. Sikutaka kumkataza dawa mwenyewe. Nilitaka akubali kwenda kwa daktari. Yeye alihofia kunyang'anywa kidonge kilichomtuliza sukari.

Jikoni nilikata nyanya chungu, nikazitia chumvi. Punde maji yakajaa sahanini.

"Shangazi, nani kayatoa?"

"Chumvi. Si nilikufundisha mimi?"

"Basi, ndani ya figo kuna mirija myembamba. Seli zake huchagua chumvi ipi iende na mkojo, ipi irudi kwenye damu. Kidonge hiki huufanya mwili uisikie insulini vizuri, ndiyo maana sukari imeshuka. Lakini kinazigusa na seli hizo, zinarudisha chumvi nyingi kuliko kawaida. Chumvi ikirudi..."

"Maji yanaifuata," alimalizia, akitazama miguu yake. Kisha, polepole: "Kumbe sikunenepa."

"Na moyo ndio unaoyasukuma yote."

Kesho yake asubuhi alitangulia kutoka, tukaenda hospitali. Daktari alimsikiliza kifua, akasema moyo umeanza kuelemewa. Akambadilishia kidonge, akampa na dawa ya kupunguza maji.

Siku ya sita, kurudi. Shangazi alinisindikiza akiwa amevaa viatu vya kanisani. Mama Klodina alishtuka: "Mama, umekonda! Uko mgonjwa?"

"Niko mzima," alijibu bila kusimama kupumua. "Yale yalikuwa maji."

Siku hizi mgonjwa wa kisukari akiniambia kwenye dirisha la dawa kwamba amenenepa, simpongezi kwanza. Namuuliza habari za viatu, halafu za mito.