Mashine Haijui Sachangwan

Zamani gemu ilihitaji watu wawili kwenye benchi moja. Siku hizi mtu hukaa peke yake akiongeleshwa na mashine.

Elimu yangu niliipata kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama, kwa hivyo sikuwa mtu wa kuingia kibanda cha gemu cha Edinah Nekoye, karibu na nyumba za reli kule Nakuru. Nilimfuata Kosgei, jirani yangu. Msumeno wa mbao ulimkata vidole vya mkono wa kulia, na tangu hapo hakuna kazi iliyomtaka. Nekoye ndiye aliyempa moja. Katika gemu ile ya mbio za magari, mmoja aliendesha na wa pili akamsomea njia. Nekoye akiendesha, Kosgei aliisoma kwa majina ya huku kwetu: mteremko mrefu ni Sachangwan, vumbi jingi ni Ndabibi. Kwa miaka sita hakuna aliyewashinda pale.

Mwaka jana Jerry, mwana wa Nekoye, alileta gemu ileile iliyotolewa upya. Njia nane sasa zilikuwa thelathini, magari yameongezwa, hata mvua ilinyesha. Ila msomaji njia alikuwa sauti ya mashine, na mtu wa pili alifutwa. Walioitengeneza waliongeza hayo yote wakakosa nafasi ya kiti kimoja. Kosgei alitazama kidogo, akasema anakwenda kulisha kuku. Hana kuku.

Nekoye aliendesha, sauti ikimtajia mita na digrii, akaangusha gari mara tatu kwenye mteremko mmoja. Jerry alicheka, akamwambia atazoea. Mama alichokora mipangilio ya gemu mpaka akaizima ile sauti, na mishale ya kuonyesha njia pia. Kisha alinunua daftari akampelekea Kosgei.

"Mzee, kuna njia ishirini na mbili hazina majina."

"Si mashine inasoma?"

"Mashine haijui Sachangwan."

Kosgei akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Njia moja ilimchukua siku mbili, tatu. Walianguka sana. Wateja waliwacheka, na Nekoye akawaambia wangoje zamu yao.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa kabla binti yangu hajanihamishia Longonot. Walikuwa kwenye njia ya kumi na tisa, daftari magotini mwa Kosgei.

"Sachangwan inakuja, Mama Jerry. Shika breki."

Akashika.