Bastola ya Gumegume ya Babu Yake Bibi

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na kutu ndiyo harufu ya msimu mmoja wa mvua nyumbani kwetu Bukavu, nilipokuwa msichana wa miaka kumi. Bibi alikuwa ametoa sandukuni na kuweka juu ya mkeka sebuleni bastola ya babu yake, mfanyabiashara aliyetoka pwani akapitia Ujiji hadi Uvira. Siku hizo silaha ndani ya nyumba ilikuwa hatari tupu; askari wakiikuta, hawaulizi umri wake. Tonton Rashidi, mdogo wake baba, aliyefundisha historia chuo kikuu, alitaka tukaitupe ziwani.

"Maman, ulisema ilikuwa inawaka kwa jiwe la gumegume," alimwambia Bibi kwa upole. "Hii iko ya fataki, kile kikofia kidogo cha baruti kinachopigwa na nyundo. Hata nafasi ya jiwe hakuna. Haiwezi kuwa ya ule muzee."

"Basi baba yangu alinidanganya?" aliuliza Bibi, ambaye habari zote za bastola alizipata kwa baba yake.

Sikuweza kuvumilia uso wake. Nikaomba niisafishe kabla haijatupwa. Nilisugua bapa la chuma la ubavuni, juu ya kifyatulio, kwa majivu na kitambaa chenye mafuta, mpaka vidole vikawa vyeusi. Kutu ilipotoka, yakajitokeza madoa ya mviringo, rangi yake tofauti na chuma chenyewe. Nikayapapasa kwa ukucha. Yalikuwa matundu yaliyozibwa.

"Tonton, kuya uone! Hapa kulikuwa kitu, wakakitoa!"

Aliinama, akavaa miwani, akaenda kuchukua bisibisi. Alifungua bapa, kisha akautoa mtutu kwenye kitako chake cha mti. Chini ya mtutu palikuwa na muhuri mdogo wenye umbo la yai. Akaanza kucheka kwa furaha.

"Maman, mimi ndiye nilikosa! Ilizaliwa gumegume. Fundi aliondoa kisahani cha baruti, akaiwekea fataki. Na huu muhuri ni wa Liège, Ubelgiji. Walikuwa wanauza nyingi pwani. Baba yako alisema kweli."

Bibi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio. Bastola haikutupwa; Tonton aliziba mtutu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili isifyatuke tena, ikapata kabati la kioo chuoni kwake.

Watoto wa Bukavu wa leo wanatambua bunduki kwa mlio, kabla hawajaiona. Mimi ya kwanza niliitambua ikiwa kimya mikononi mwangu, nyumba nzima ikishangilia.