Mmarekani wa Sinema Migombani

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa unga wa njano wa msaada, hata sisi watu wa ndizi tulikula ugali. Leo, nilipokuwa nakata majani ya mgomba, utomvu ulinukia nikamkumbuka Mmarekani wa sinema aliyekuja mwaka ule. Alianza kama mwigizaji, akachoka kuelekezwa, akaja huku mlimani aelekeze yeye. Alinilaza migombani nijifanye maiti, mama anililie. Nilitamani mno kuonekana kwenye sinema!

Mama akasema, “Simlilii mtoto aliye hai.”

Mkalimani wake akambembeleza: “Mama, ni maigizo tu. Bwana huyu amekufa kwenye sinema ngapi, na si huyo hapo anakunywa chai?”

“Basi mama yake ndiye aje alie.”

Wakamletea kitenge kipya. Mama akakitazama, akaninyanyua, akanipangusa udongo mgongoni.

“Simlilii mtoto aliye hai.”