Majogoo Niliowachagua

Bosi wangu wa Riyadh hafugi kuku wa kula. Anafuga majogoo wa mashindano, wenye mikia inayopita mita moja, na mkia ukiguswa na vumbi tu, nyumba nzima inanuna. Mimi ni dereva, lakini aliposikia natoka Kakamega, ambako mgeni asipochinjiwa kuku anahesabu hajakaribishwa, akanitangaza bingwa wa kuku. Cheo sikukikataa.

Siku moja akasafiri, akaniachia majogoo kumi. "Chagua watatu wazuri wa maonyesho, wengine peleka jikoni. Halas, basi."

Nikachagua kwa makini. Nilishika mapaja, nikabonyeza vifua, nikamwinua kila mmoja kujua uzito. Wale wembamba waliokuwa wakiburuta mikia kama maharusi niliwaonea huruma, wakaenda sufuriani.

Kwenye maonyesho huko Jeddah, ambako bosi alitukuta akitoka safarini, jaji aliwatazama watatu wangu, akamuuliza bosi kama alikuwa anatafuta bucha. Bosi alikaa kiti cha nyuma na majogoo mpaka tukafika Riyadh, mwendo wa saa kumi.

Msamaha sikuomba. Wale saba niliwala na mpishi, na hatukushiba.